Kula Nje Ukishastaafu: Tafuta Kiti Kwanza, Chakula Baadaye

Nilistaafu unesi nilipofika miaka 60 vile serikali inataka, wiki mbili za kwanza nikafurahia sana, wiki ya tatu nikaanza kuongea na kuku. Si utani. Watoto wako Nairobi na Nakuru, mzee akiamka anaenda shamba, na mimi nilizoea wodi imejaa watu wananiita sista, sista, kila dakika. Ndo tukaanza na wenzangu tuliofanya kazi pamoja, tuko sita, mara moja kwa mwezi tunatoka tunakula mahali hapa Kisumu, na mpaka leo bado tunatoka. Tumekosea mara nyingi. Tumeshalia juu ya bili, tumeshanyeshewa, na kuna siku mmoja wetu alishukwa na sukari pale pale mezani tukingoja samaki. Kwa hivyo naandika vile sisi hufanya siku hizi, ukitaka kuanzisha yenu usipitie kule tulipitia.

Kitu moja uelewe kabla ya hizo hatua zenyewe. Mstaafu haendi hoteli juu ya njaa, chakula nyumbani kiko. Anaenda kukaa na watu. Sasa hoteli nzuri kwetu ni ile itakuacha ukae saa mbili baada ya sahani kutolewa, bila weita kuja kupangusa meza iliyo safi mara tatu akikuangalia. Hiyo ndo tunanunua. Samaki ni kodi ya kiti tu.

HATUA YA 1: Siku na saa

Jumanne ama Jumatano, katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi kila mtu amelipwa na kila mtu ana njaa, na Ijumaa muziki huanza mapema. Jumapili baada ya kanisa usijaribu, familia zinakuja na watoto kumi na mashangazi na meza zinaunganishwa mpaka huoni njia ya kwenda kunawa mikono.

Saa ndo watu hukosea. Ukifika saa saba mchana umefika na watu wote wa ofisi, wanakula mbio wanarudi kazi, na wewe mwenye hotelini anakuona kama mtu anayekalia pesa zake. Sisi hufika saa tano na nusu, tunaoda mapema jiko likiwa halijachanganyikiwa, tunakula saa sita na nusu hivi, na wale wa ofisi wakiingia sisi tuko kwa stori. Kama hoteli ni ndogo basi ngojeni, muende saa nane wakishatoka. Hasara ya saa nane ni kwamba vitu vingine vimeisha, utaambiwa kumebaki matumbo na kabeji.

Jioni sisi hatutoki kabisa. Hapa Kisumu mvua hupenda kuja na radi zake saa kumi hivi kuendelea jioni, kuna wale wadudu wa ziwani wakiamua kutoka wanajaa kwa taa mpaka kwa supu, kuna mbu, na jua likizama saa kumi na mbili na kitu macho yetu hayaoni ngazi. Kuna wenye watasema usiku ndo kuna hewa ya ziwa. Hewa iko, ndio. Na malaria iko.

HATUA YA 2: Mmoja atangulie akaangalie

Hii usiruke. Tulishawahi kwenda mahali pazuri sana tauni, tumesifiwa na mtoto wa mwenzetu, picha zimejaa maua, kufika tunapata iko ghorofa ya tatu na lifti imelala. Mwenzetu mmoja ana goti la kubadilishwa. Tulimpandisha pole pole kama jeneza, haki, na chakula alikula amekasirika. Kushuka ndo ilikuwa mbaya zaidi, goti huuma kushuka kuliko kupanda.

Sasa siku hizi mmoja wetu hupita pale siku kabla, anaagiza chai ya maziwa, anakaa nusu saa. Anaangalia choo kwanza. Kiko wapi, kuna ngazi, kina maji, mlango unafunga, ni cha kukalia ama cha kuchuchumaa? Ukiwa na miaka 68 na magoti ya wodini choo cha kuchuchumaa ni kwenda bila tiketi ya kurudi. Nusu ya wenzangu wako kwa tembe za presha zile za kutoa maji mwilini, na choo kikiwa nyuma ya uwanja kupitia jikoni siku yenu imeharibika hata kabla ya ugali.

Alafu kiti. Vile viti vya plastiki visivyo na mikono vinapendeza vijana, mzee anahitaji mahali pa kushika akiinuka. Vile virefu vya baa, vya kuning'inia miguu, sahau. Benchi bila egemeo mgongo utakukumbusha usiku. Jaribu kukaa kwa dakika kumi uone kama unatafuta kusimama.

Spika iko wapi? Msikae chini yake na msikae chini ya TV. Mwenzetu mmoja masikio yamepungua na hapendi kusema, kwa hivyo anacheka tu tukicheka, tulichukua karibu mwaka kujua kwamba huwa haskii kitu. Tangu siku hiyo tunachukua meza ya kona, yeye tunamkalisha ukutani akituangalia sote usoni, na tunauliza weita kama muziki unaweza shushwa. Wengi wanashusha. Wakikataa, hiyo chai ya siku ya kuangalia imetuokoa pesa ya chakula cha watu sita.

Menyu pia. Siku hizi kuna mahali hakuna menyu ya karatasi, ati piga picha hiyo alama ya mezani na simu. Mimi huambia weita aje anisomee na bei zake, na asome pole pole.

HATUA YA 3: Maneno ya pesa yaishe kabla hamjatoka nyumbani

Hapa nitakaa kidogo juu urafiki mwingi umefia hapa. Sisi watu wa huku desturi yetu ni mtu akikuita kula yeye ndo analipa, na mtu akistaafu watu wote wanadhani kiinua mgongo kiko kwa kabati kinangoja wageni. Ukisema tu "tukutane tule samaki" umeshajiandikia bili. Kwa hivyo sema mapema, na useme na mdomo, kila mtu anajilipia ama tunachanga.

Sisi tunachanga. Kila Jumatatu kila mtu anatuma shilingi 150 kwa mweka hazina kwa M-Pesa, wiki nne ni 600, watu sita ni 3,600. Hiyo ndo bajeti, soda na tuktuk mtu anajisimamia. Uzuri wake ni kwamba siku yenyewe hakuna mtu anaangalia pochi akihesabu, pesa ilishaenda zamani. Mwezi mtu hakuja, yake inabaki kwa mwezi ujao, haipotei, hiyo tuliamua baada ya kukosana.

Na mwangalie ni nani mko naye. Kwetu wote tuna pensheni, hata kama ni kidogo. Lakini kuna kundi la kanisani ambalo nilijiunga nalo, humo kuna akina mama ambao hawakuajiriwa na wanategemea ile 2,000 ya serikali ya Inua Jamii ya mwezi ya wale wamefika miaka 70. Ukimwita huyo mahali sahani moja ni 900 umemtusi, na hatakwambia, ataacha tu kuja na kusema mguu unamuuma. Na wale tulipeleka kibandani, chapo madondo na chai, kiti cha mbao lakini kuna kivuli cha mwembe na mama wa kibanda alituacha mpaka saa tisa. Siku nzuri kuliko zingine za hoteli kubwa.

Kama ni hoteli kubwa uliza bei ya menyu imeshaingiza kodi ama bado. Kuna VAT asilimia 16 na ile tozo ya utalii asilimia 2, na wengine wanaongeza ya huduma juu yake. Mahali pengi zimeshaingia kwa bei, lakini tulishawahi kaa mahali hazikuwa zimeingia, tukahesabu kila mtu 1,000, watu sita 6,000, bili ikakuja 7,080. Ile 1,080 ilitafutwa kwa mikoba mpaka chini kwa peremende.

HATUA YA 4: Dawa

Hapa naongea kama nesi kwa hivyo niskizeni.

Kama unajidunga insulini ya chakula, ile ya wakati wa kula, usijidunge kwa sababu weita amesema "dakika kumi mama". Dakika kumi ya hoteli hakuna mwenye anaijua. Ngoja uone sahani na macho yako iko mezani. Huyo mwenzetu nilisema alishukwa na sukari, alijidunga tukioda, samaki akachukua karibu saa nzima, akaanza kutoa jasho na kuongea maneno hayaeleweki, na watu wa meza ya pili wakafikiri amekunywa. Soda, soda ya sukari ya kawaida si ile ya dayati, ndo ilimrudisha. Tangu hapo kila mtu mwenye kisukari anabeba glukosi ama peremende mkobani na mwenye kukaa karibu naye anajua iko mfuko gani.

Zile tembe za maji, najua mnaziruka siku ya kutoka msisumbuke na choo. Msiruke. Uliza kliniki yako kama unaweza kuhamisha saa ya kumeza siku hiyo.

Mwenye anakunywa warfarini kuzuia damu kuganda asile mlima wa mboga za kienyeji siku moja ati juu ya kuona zimepikwa vizuri, osuga na apoth na kunde zina vitamini K nyingi, ale kiasi chake cha kila siku. Mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo, aache maini, matumbo, omena na bia kwa wengine, kesho kidole cha mguu kitamshtaki. Na presha: chakula cha hoteli kina chumvi nyingi, kuna ya jikoni na kuna ya vile vikubu vya kutia ladha kwa supu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai, ya siku nzima! Ukioda sema wapike bila chumvi utajiwekea mezani. Mchuzi ulioshapikwa kwa sufuria kubwa hauwezi toa chumvi, kwa hivyo chagua kitu kinapikwa ukiwa hapo.

HATUA YA 5: Kuoda, kulingana na mahali uko

Kisumu ni samaki, hakuna kesi. Dunga, pale ufuoni, ndo sisi hupenda, tuktuk kutoka tauni inakufikisha karibu na meza, mashua ziko hapo na upepo wa ziwa uko. Usiode kutoka kwa kiti. Inuka uende uone samaki mwenyewe akiwa mbichi, macho yawe yanang'aa na yamejaa, mashavu ndani mekundu, ukifinya nyama inarudi. Macho yakiwa yameingia ndani na yana ukungu huyo amesafiri, na siku hizi kuna samaki wa barafu wa kutoka Uchina kwa soko, kwa hivyo usione haya kuuliza. Mkubaliane bei ukiwa umemwangalia huyo huyo, ukubwa wake ndo bei, alafu ndo useme wet frai, ya mchuzi, ama drai frai, kavu.

Sasa ngege (tilapia) ama mbuta (sangara)? Mjaluo atakuangalia vibaya ukiuliza, ngege ndo samaki, kwisha. Lakini ngege ana mifupa midogo midogo na sisi macho hayaoni na meno yamebaki manne. Wenye wana meno bandia mimi huwaambia wachukue mbuta, kipande cha mgongo, nyama imejaa na mfupa ni mkubwa unauona. Ukikwamwa na mfupa usimeze tonge kubwa la ugali ati lisukume, hiyo dawa ya nyanya zetu nimeiona ikipeleka watu tiyeta. Mfupa ukikataa kutoka na kukohoa, nenda hospitali.

Wet frai ni rahisi kwa meno kuliko drai, na ugali omba wa mtama kama wanao. Samaki mmoja mkubwa wa watu wawili ni bei nafuu kuliko wadogo wawili mara nyingi, na sisi wazee hatumalizi. Obambla, samaki wa kukaushwa, ama aliya, nyama ya kukaushwa, ukiipata imepikwa vizuri chukua, ingawa chumvi, nimeshasema, kila mtu aangalie kichwa chake.

Pia kuna hoteli za Wahindi tauni, zimekuwa hapa miaka na miaka, chakula cha dengu na mboga ni laini na viti ni vya maana. Sema pilipili kidogo. Kidogo yao si kidogo yetu.

Kakamega tulienda mara moja, ni kuku wa kienyeji, ingokho, na hapo unapiga simu asubuhi. Kuku wa kienyeji haivi kwa nusu saa, anayekuletea kwa nusu saa amekuletea mpira. Waambie wamchemshe kwanza vizuri alafu wakaange. Firigisi ni ya mzee, kila Mluhya anajua, shida yetu ni kwamba sisi ni wanawake watano na mwanamume mmoja na yeye ndo mdogo kwa miaka. Tulibishana dakika ishirini. Mwishowe dereva wa matatu tuliyokodi ndo alikula.

Nakuru naenda kwa binti yangu mara nyingi na huko hali ni tofauti kabisa. Kwanza baridi, mji uko juu karibu mita 1,850 na Kisumu ni kama 1,130, kwa hivyo ile tabia yetu ya kukaa nje chini ya mti huko inakuletea kikohozi, beba sweta hata mchana kukiwa na jua, na uchukue meza ya ndani mbali na mlango. Pili huko ni nyama. Choma unanunua kwa kilo, unasimama mbele ya bucha unaonyesha kidole, na hapo ndo mtu wa umri wetu hujidanganya juu harufu ya moto inakuita jina. Mbuzi choma ni ya meno. Wewe chukua nusu kilo uambie wachemshe, boilo, na viazi na mboga ndani, ama tumbukiza, na supu yake pembeni. Wajukuu wakitaka choma waode yao, utaonja kipande cha mguu si mbavu. Mukimo, vile viazi vya kuponda, ni laini hauna shida, na unajaza haraka, kwa hivyo oda kidogo.

Chai iodwe mwisho na si mwanzo. Hii ni siri yetu kubwa. Chai ya termosi kubwa, ya maziwa, ikija baada ya chakula inakupa haki ya kukaa saa nzima zaidi, hakuna weita anaweza kukutoa ukiwa bado unakunywa. Ukiianza nayo umetumia silaha yako bure.

HATUA YA 6: Kulipa

Mweka hazina alipe peke yake, mara moja. Soma bili line kwa line, sio ubaya, tulishapata maji ya chupa nane na tulikunywa tatu. Ukilipa kwa till namba soma jina la biashara kwa meseji ikirudi. Na usimpe weita simu akubonyezee PIN ati huoni, hata kama ana uso wa malaika, vaa miwani ubonyeze mwenyewe.

Weita aliyewavumilia saa tatu mwachie kitu, mkononi mwake si kwa bili. Sisi huacha 200 ya kundi. Mwezi ujao mkirudi anawakumbuka, meza ya kona iko, muziki umeshushwa bila kuulizwa, na kiti cha mikono kimeletwa kwa yule wa goti. Kuna mmoja hapa sasa anatuita "wodi ya wamama", na yule mwanamume wetu amekubali.

HATUA YA 7: Kurudi

Saa tisa na nusu mtu mmoja aanze kuuliza weita afunge kilichobaki. Bebeni kontena zenu kutoka nyumbani, mchuzi wa samaki kwa mfuko wa karatasi hautafika mtaa wa Mamboleo. Samaki aliyebaki akaliwe jioni hiyo hiyo, na joto la Kisumu usimwache kwa meza mpaka kesho.

Kila mtu aende choo hata kama haskii haja. Wote.

Tuktuk mbili ziitwe hapo mlangoni, bei isemwe kabla ya kupanda, na wa goti akae mbele kama dereva anakubali kusogea. Anayefika nyumbani anatuma meseji "nimefika". Na kabla mtu hajainuka kwa meza, chagueni tarehe ya mwezi ujao na ni zamu ya nani kwenda kuangalia choo. Mwezi ujao ni mimi.